Vitunguu Saumu Sita vya Koko

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nje ya chumba chetu pale Kansanga palikuwa na jerikeni moja ambayo sikuruhusiwa hata kuiegemea, na ilikuwa jerikeni ya kawaida tu, ile ya njano ya mafuta ya kupikia, imekatwa ubavu kwa kisu kilichopashwa moto, imelazwa chini na kujazwa udongo mweusi uliochanganywa na mavi makavu ya kuku. Ndani yake Koko alikuwa amepanda kitunguu saumu. Koko ndiyo bibi, kwetu Bukavu tunasema hivyo. Alikuwa mama yake mama, na tulikuja naye Uganda mimi nikiwa mgongoni, kwa hiyo Congo siijui ila kupitia mdomo wake na sufuria yake. Nayasimulia haya sasa kwa sababu nina mimba ya miezi minane na ninaogopa, naogopa hata nikipiga chafya, na kila nikiogopa akili inarudi kwenye ile jerikeni.

Wakati ule mwenye mimba alikuwa mama. Alikuwa amekwisha kupoteza mbili baada yangu. Hakuna aliyeniambia, lakini tulikaa chumba kimoja, na pazia linaficha kitanda tu, haliwezi kuficha mtu anayelia. Basi mimba ya tatu ilipoingia mwezi wa tatu, Koko alikwenda sokoni akarudi na kichwa kimoja cha kitunguu saumu, akakivunja, akachagua punje sita zilizonona, akazipanda ncha juu, mistari miwili, tatu huku na tatu huku. Kisha akatuita mimi na mama na kutuambia sheria yake, maana kwao, kwenye milima ya Kalehe kule juu kabisa kwenye baridi, mwanamke akiwa na mimba ya wasiwasi mama yake humpandia kitunguu saumu na kukingoja. Majani yakikauka, kinang'olewa mbele ya mwenye mimba. Kikitoka kimegawanyika, kichwa chenye punje zake zimekaa kama watoto waliolala kitanda kimoja, mtoto anabaki na wenzake watamfuata. Kikitoka kimoja tu, mviringo, hakina mgawanyiko, mtoto anarudi alikotoka.

"Na mutu asichungulie," alisema akinitazama mimi. "Kitunguu iko na haya kama bibi-arusi. Bakimuchungulia, anajifunga."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Mimi sikucheka. Mtoto wa miaka minane ukimwambia kuna kitu kimoja duniani asikichungulie, yaani umemaliza.

Lazima niseme jinsi tulivyokula, la sivyo hutaelewa. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya kitunguu saumu. Koko alikuwa akikiponda juu ya jiwe pamoja na chumvi mpaka kinakuwa kama uji, akikitia kwenye maharage, kwenye mukene wale samaki wadogo wa ziwani, na hasa kwenye sombe, majani ya muhogo, ambayo hakukubali yatwangwe bila punje kadhaa ndani ya kinu, kwa sababu alisema ukikitia baadaye kwenye sufuria kinabaki mgeni. Kazi ya kumenya ilikuwa yangu. Kucha zangu zilinuka mpaka darasani, na majirani walisema Wacongo wa chumba namba nne unawasikia kwa pua kabla hujawaona. Kwa hiyo mikono yangu ilikijua kitunguu saumu hata gizani, naweza kusema kwa kidole tu kina punje ngapi.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kumwagilia. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, polepole, pembeni. Miezi ikapita, majani yakawa marefu na ya kijani, tumbo la mama likawa kubwa, mara hii limefika mahali ambapo yale mengine hayakufika, na nyumbani tukaanza kuongea kwa sauti ndogo kama watu wanaobeba mayai. Halafu jioni moja nilimwaga kikombe kwa haraka kwa sababu wenzangu walikuwa wananingoja kuruka kamba, maji yakachimba udongo, na bega jeupe la kitunguu cha kona ya mbele, upande wa mlango, likatokea.

Ningelifunika. Ndiyo, najua. Badala yake niliingiza kidole. Nikakizunguka. Kilikuwa laini pande zote, laini kama gololi, hakuna mfereji hata mmoja. Nikasema labda ni hiki tu, nikaingiza kidole kwa cha pili, gololi, kwa cha tatu, gololi. Nikarudisha udongo, nikaugonga kwa kiganja, nikaenda kuruka kamba na sikuruka hata mara mbili bila kukanyaga.

Siku mbili baadaye mama alishikwa na mgongo. Baba alimpeleka zahanati, wakarudi wameambiwa apumzike, asinyanyue kitu, asipande ngazi. Koko alimfunga kitenge chini ya tumbo na kumpa supu. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika fremu na nilijua kilichotokea. Nimekichungulia, kimejifunga. Mtoto anarudi alikotoka na ni mimi niliyemfungia mlango. Sikumwambia mtu. Ni ajabu jinsi mtoto anavyoweza kubeba jambo zito hivyo halafu bado akatumwa chumvi na akaenda.

Wazo nililopata lilikuwa la mtoto, lakini mpaka leo sioni ningefanya nini kingine. Koko alisema kitunguu kikitoka kimegawanyika mtoto anabaki. Basi kitoke kimegawanyika. Na nilijua vilivyogawanyika viko wapi: mezani kwa Mama Okello, mke wa polisi, jirani yetu vyumba viwili mbele, aliyeuza nyanya, vitunguu na mukene kando ya barabara ya Ggaba. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye Kiswahili cha kambini ambacho Koko alikicheka na yeye akacheka cha Koko.

"Wewe toto ya Koko, nataka nini?"

"Kitunguu saumu. Kichwa kimoja."

"Mama yako natuma wewe?"

"Hapana."

"Koko?"

"Hapana. Ni changu."

Akaweka mikono kiunoni. "Aa. Kumbe wewe napika siku hizi. Naolewa lini, mimi hapana kula karamu?"

Sikuwa na kitu cha kumpa, na pengine uso wangu ulisema zaidi ya mdomo, kwa sababu aliacha mchezo akanisogezea ungo wa mukene. "Chambua hii. Toa mchanga, toa majani. Mimi nikisikia mchanga kwa meno, hakuna kitunguu."

Nilichambua mukene alasiri mbili. Siku ya pili akanipa kichwa kimoja, na mimi nikakikataa nikachagua mwenyewe kile chenye shingo ndefu kuliko vyote, akasema huyu mtoto atamsumbua mume. Niliporudi mama alikuwa amelala, Koko alikuwa mazoezi ya kwaya. Niling'oa kitunguu cha kona ya mbele, maana nilijua Koko ataanzia hapo, kila kitu yeye huanzia upande wa mlango. Nikakata majani yake kwa wembe, nikayafunga kwenye shingo ya kitunguu cha Mama Okello kwa uzi mweusi, ule uzi mama aliokuwa akinisukia nywele, nikazungusha mara saba, nikafunga fundo, nikafukia. Majani yakasimama. Ile gololi nikaila mbichi ili isionekane. Iliniunguza mpaka masikio. Katika nyumba nyingine ningekamatwa kwa harufu, kwetu hakuna aliyegeuza hata shingo.

Shida ikaja kesho yake. Majani yangu yalianza kunyauka na kuwa ya njano, yale mengine matano yakabaki ya kijani. Nilikuwa naamka kabla ya wote kwenda kuyatazama. Nilifikiria kuyapaka unga wa manjano yale matano, nasema kweli, nilikuwa nimeshaiba kijiko. Halafu, siku nne au tano mbele, na yale matano yakaanza kunyauka yote kwa mara moja, na nikamshukuru Mungu, nikadhani yameona mwenzao amechoka nayo yakachoka.

Jumamosi Koko akasema ni leo. Akamketisha mama kwenye mkeka, miguu juu ya mto. Baba alikuwa ameshatoka na vitenge vyake vya kutembeza. Mama Okello alikuja bila kuitwa, na kigoda chake, kwa sababu alisema hajawahi kuona watu wanangoja kitunguu kama matokeo ya mtihani. Mimi nilisimama nyuma ya mama nimeshika bega lake.

Koko akapiga magoti. Na akaanzia nyuma.

Nikalibana bega la mama. Kona ya nyuma, upande wa ukuta, mahali ambapo sikugusa kitu. Akashika majani chini kabisa, ngumi yote imezunguka shingo, akavuta, akapangusa udongo kwa kidole gumba, na kilikuwa kichwa. Kichwa kizima, kimegawanyika, cheupe, punje zimejipanga. Akakiweka kwenye kitenge cha mama. Akavuta cha pili. Kichwa. Cha tatu, kichwa. Mama aliweka mkono mdomoni. Nami nilikuwa nimeanza kuamini miujiza, naapa, mpaka Koko alipoweka cha nne na majani yakabaki mkononi mwake, na nikaona kwenye shingo ya kitunguu kipande cha kamba ya mgomba, kimefungwa vizuri, fundo la mtu mzima. Nikavitazama vyote. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na mizizi.

Cha tano. Kisha akafika kona ya mbele, akakivuta, na kidole gumba chake kikasimama. Alikuwa ameuona uzi mweusi. Hakunitazama haraka. Kwanza alikata uzi kwa ukucha, akausukuma ndani ya fundo la kitenge chake, halafu ndipo akainua macho, akanikuta namtazama, na tukabaki hivyo, mimi na bibi yangu, kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja.

"Hiki cha mbele," alisema, "iko muzuri kupita byote."

Mama Okello alikuwa ameinama mbele na mdomo wazi. Alimtazama Koko. Akanitazama mimi. Akavitazama vitunguu, vitano alivyomuuzia mmoja na kimoja alichompa mwingine, akaanza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa leso.

"Nini, Mama Okello?" mama akauliza.

"Hapana. Mimi nanyamaza," alisema. "Hii shamba ya Congo ni kali. Nazaa kama soko kabisa."

"Badala ya kucheka, njo utwange," Koko akamwambia.

Tulipika sombe siku ile. Mama Okello alitwanga majani na Koko alitwanga majani, wakipokezana mchi mpaka fundo la kitenge cha Koko likalegea, na mimi nikamenya vichwa vyote sita, na Koko akavitia vyote, vyote, kitu ambacho hajawahi kufanya. Akatia mawese, akatia mukene, akakalisha sufuria kwenye sigiri hadi majani yakawa meusi na mafuta yakapanda juu. Mama alikula sahani mbili. Mimi na Koko hatukula, tulimwangalia.

Alasiri, tukiwa tunasugua sufuria kwa majivu, Koko aliniuliza bila kuniangalia. "Ulichungulia?"

"Ndiyo, Koko."

"Bingapi?"

"Vitatu. Vyote kimoja kimoja."

Akasugua. "Byote sita, mujukuu wangu. Mimi nilichungulia byote, na kile cha kona uliniwahi, nikakuta nyuzi tu."

Kwa hiyo alikuwa ameujua uzi wangu hata kabla ya siku ile. Na mwenyewe pia alikuwa ameogopa, Koko, ambaye nilidhani haogopi kitu. Nikamuuliza swali lililokuwa kifuani mwangu majuma mawili. "Sasa mtoto je?"

"Sasa tunyamaze," alisema. "Suuza hapa."

Mtoto alizaliwa baada ya majuma matatu, mvulana, analia kama tarumbeta. Ni Ombeni, mdogo wangu, sasa ana ndevu tatu na haruhusu kitunguu saumu kifike karibu na sahani yake. Nikimtazama anavyokitoa kwa ncha ya uma, namwambia wewe huna aibu.

Nilikuja kujua ukweli nikiwa sekondari, kidato cha tatu, somo la kilimo. Mwalimu alisema kitunguu saumu kinahitaji baridi ili kigawanyike, kisipopata baridi kinatoa kichwa kimoja cha mviringo, na kwamba sehemu za joto kama Kampala watu hukiweka kwanza kwenye friji kabla ya kukipanda. Nilikaa pale nikasahau kuandika. Kule milimani kwa Koko kulikuwa na baridi, kwa hiyo kule karibu kila mtoto alikuwa anabaki. Hapa kisingegawanyika hata kama angekipanda malaika. Koko alikuwa amekwisha fariki wakati huo, nikamkimbilia mama, nikamkuta anachagua maharage, nikamweleza yote kwa pumzi moja, friji, baridi, uzi, kamba ya mgomba, Mama Okello.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua habari ya baridi?"

"Habari ya baridi sijui. Nilijua uzi." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Nilikuwa nakula ile sombe, nikasikia kitu kwenye ulimi. Nikakivuta. Uzi wa nywele zako."

Nilitaka ardhi inimeze, miaka saba baadaye. "Ulifanyaje?"

"Niliuficha chini ya mkeka."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Mlikuwa mmekaa pale wawili, mnanitazama nikila kama mnaangalia mtu anavuka mto. Ningesema nini?" Mikono yake ikaendelea na maharage. "Nikasema, basi, huyu mtoto ana watu. Nikaongeza sahani ya pili."

Sasa nakaa Luzira na mume wangu na mtoto wetu Shukuru wa miaka mitatu. Mume anafanya kazi kwenye maghala huko Port Bell, anaondoka alfajiri, na siku ni ndefu. Mwaka jana nilipoteza mimba. Sitaki kuisimulia. Hii iliyopo ilipoingia mwezi wa tatu, nilikata jerikeni, nikapanda punje sita, ncha juu. Sikuziweka kwenye friji, kwanza sina friji. Nilijiambia napanda kwa ajili ya kupika tu, kitunguu saumu cha dukani siku hizi ni kikavu, na mama mjamzito anaruhusiwa kuwa na bustani ya jerikeni bila watu kumuuliza maswali. Najua kabisa vitatoka gololi. Nimesoma. Gololi ni nzuri pia, kumenya ni mara moja tu, unaponda na chumvi, basi. Nilijiambia hivyo kila asubuhi na kikombe changu, kisha nikirudi ndani nalala chali nahesabu mateke ya mtoto, yakipungua nalia, yakizidi nalia.

Jumapili iliyopita mama alikuja. Alimbeba Shukuru, alifua nepi za zamani ambazo nimeziandaa, aliniambia uso wangu umekuwa wa kijivu, nikalale. Nililala. Niliposhtuka alikuwa nje peke yake, ameketi kwenye kigoda kando ya jerikeni, ananyoosha vidole. Akasema anaota jua.

Jumatano majani yalikuwa ya njano, yote sita.

Leo asubuhi nilipiga magoti, kwa shida, tumbo linagonga ukingo wa jerikeni, nikashika cha kona ya mbele, upande wa mlango, nikavuta. Kichwa. Punje nane, nimezihesabu kwa kidole kabla hata ya kupangusa udongo. Hakina mizizi. Shingoni uzi mweusi, umezungushwa mara saba, na fundo ni lile lile langu la utotoni, lile baya, kwa maana mama ndiye aliyenifundisha kufunga uzi.

Nilikaa chini pale pale na kitunguu mapajani. Shukuru akaniuliza kama kimeniuma. Nikamwambia hapana. Bado naogopa, sitasema uongo, mtoto hajatoka na mgongo unaniuma ninapoandika. Lakini nilikaa pale kama mtu aliyekuwa anatembea peke yake akasikia miguu ya wengine nyuma yake, na anaijua ni ya nani.

Vile vitano vingine sijavigusa na sitavichungulia. Jumapili mama anakuja tena, tutaving'oa mbele yake, nami nitashangaa inavyostahili. Nimeshaagiza majani ya muhogo. Nitatwanga vichwa vyote sita ndani ya kinu pamoja na majani, si baadaye kwenye sufuria, nitatia mawese na mukene waliochambuliwa vizuri. Uzi wa kichwa hiki cha kwanza nimeuweka ndani ya fundo la kitenge changu. Nitauosha, na nikipakua, nitauweka kwenye sahani ya mama, katikati kabisa, kisha nitakaa nimtazame anavyokula.